Steshenari ya Sabasaba iliyonisaidia kuhama chuo na GPA ya 2.6

Kama uko chuo cha mbali, una sababu ya kweli ya kurudi Dodoma, lakini kila ukiona GPA yako, yaani wastani wa alama zako, unasema "na hii GPA nani atanipokea," naomba usome mpaka mwisho. Mwaka 2023 nilikuwa hapo ulipo. Leo nasoma Dodoma, na sehemu kubwa ya njia nilioneshwa na mama mmoja mwenye steshenari ya chumba kimoja karibu na Sabasaba.

Duka lenyewe ukipita haraka hulioni. Mlango wa bati umepakwa bluu, nje kuna benchi la mbao, ndani kuna mashine mbili za fotokopi, kompyuta mbili na rafu ya madaftari. Wateja wake ni wanafunzi wa kila aina, wa UDOM waliotelemka kutoka mlimani, wa St. John's kutoka Kikuyu, wa Mipango na wa CBE, kwa sababu wengi wakija mjini lazima wapitie maeneo yale. Bango linasema anachapa, anatoa nakala, anaskani na kulaminisha. Halisemi neno lolote kuhusu uhamisho wa chuo, na ndiyo maana nimeamua kuandika mimi.

Nieleze kwanza nilivyofika. Bibi yangu anaishi Kibaigwa, ndiye aliyenilea. Machi 2023 alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza, muhula wa pili, nasoma ualimu wa Historia na Kiswahili kwenye chuo ambacho ukipanda basi Nanenane alfajiri unafika usiku. Muhula ule nilisafiri kurudi nyumbani mara nne. Nilikosa majaribio mawili, nikaingia mitihani nikiwa na alama chache za mwanzo, nikala supu mbili, yaani mitihani ya marudio. Nilizifaulu, lakini somo la supu hata ukiandika vizuri namna gani, unapewa C. Ukichanganya na C nyingine nilizokuwa nazo, picha ikawa ile unayoijua.

Kabla ya kufika kwa mama huyu nilishapoteza 60,000. Kuna mtu nilielekezwa kwake, akaniambia GPA si tatizo, anaye mtu wake ndani, nitume pesa na nakala ya matokeo nikasubiri nyumbani. Ilikuwa pesa ya mahindi ya bibi. Wiki ya pili simu ikawa inaita bila kupokelewa, wiki ya tatu haipatikani. Nimeanza na hili makusudi, kwa sababu thamani ya ile steshenari niliiona vizuri nikiwa na jeraha hilo.

Siku niliyoingia pale nilikuwa nataka nakala tatu za matokeo, basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nakala ngapi?"

Nikamwambia. Akaipokea karatasi, akaitazama kabla ya kuiweka kwenye mashine, kisha akanitazama mimi.

"Unataka kuhama?"

Nikamuuliza amejuaje. Akasema mwezi wa tisa huu, mtoto ameshika matokeo ya chuo cha mbali na macho yamevimba, hana haja ya kuambiwa. Akanivutia kigoda. Akaniuliza GPA ngapi, nikajibu kwa sauti ndogo kwamba ni 2.7.

Hakusema sawa. Akachukua rula ya mbao, akaiweka chini ya mstari wa somo la kwanza, akavuta kikokotoo chake ambacho namba nane imefutika kabisa kwa kubonyezwa, akaanza. Krediti 12, yaani uzito wa somo, mara pointi 4, maana nilikuwa na B+. Akashusha rula. Krediti 12 mara 3. Akashusha tena. Kila somo aliandika jibu kwa penseli pembeni mwa karatasi, kwa tarakimu ndogo zilizonyooka kama za mwalimu wa darasa la tatu. Masomo kumi na moja, krediti 120 kwa mwaka. Jumla ya pointi ikatoka 318. Akagawa kwa 120, akanigeuzia kikokotoo nisome mwenyewe: 2.65.

"Wewe umepandisha ukapata 2.7," akasema. "Chuoni hawapandishi, wanakata. Hii itaandikwa 2.6. Ukijaza 2.7 kwenye fomu na karatasi yako inasema 2.6, umeshaanza kwa uongo na wala hukukusudia."

Hapo ndipo nilipomwamini. Miezi yote ile nilikuwa nikijipa moyo na ile 2.7, kwa sababu kwenye mfumo wetu wa pointi tano ndipo daraja la pili la chini linapoanzia, linakwenda mpaka 3.4. Kuanzia 2.0 mpaka 2.6 ni pasi. Yule wa simu alinipokea na 2.7 yangu akaniambia hakuna shida. Huyu alitumia dakika ishirini kunionesha kwamba hali yangu ni mbaya kidogo kuliko nilivyodhani, na alikuwa bado hajanidai hata shilingi.

Baada ya hapo akanihoji. Umedisko, yaani umeondolewa chuoni kwa kufeli? Hapana. Unadaiwa chuoni? Ndiyo, 115,000. Sababu yako ya kuhama ina karatasi? Nikasema bibi anaumwa. Akasema anaamini, lakini ofisi haimjui bibi yangu, kwa hiyo nikaombe barua ya hospitali anakohudhuria kliniki, na barua ya mtendaji wa kijiji inayosema mimi ndiye ninayemuuguza.

Halafu akanieleza jambo ambalo naona wanafunzi wengi tunalichanganya, na mimi nilikuwa nalichanganya. Kuna kuhama ukiwa umedahiliwa mwaka wa kwanza na masomo hayajakolea. Hapo hakuna GPA ya kuuliza, wanaangalia ufaulu wako wa kidato cha sita au stashahada, kama unakidhi sifa za kozi unayoitaka na kama nafasi bado ipo. Dirisha lake ni fupi na linafunguliwa kwa ratiba ya udahili inayosimamiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Na kuna kuhama ukiwa mwanafunzi anayeendelea, umeshasoma mwaka mzima au zaidi. Huko unahama na krediti zako, na chuo kinachokupokea kinakaa chini kutazama somo moja moja: hili tunalo, hili hatuna, hili umefaulu kwa kiwango tunachokubali, hili hapana. Mimi nilikuwa wa kundi la pili. Nilipoteza wiki nyingi nikisoma masharti ya kundi la kwanza.

Ipo na njia ya tatu, ya kuacha kila kitu na kuomba upya kama mwombaji wa mwaka wa kwanza. Nilikuwa na sifa. Nilisoma HGK, Historia C, Jiografia D, Kiswahili B. Kwa pointi za sasa hizo ni tatu, mbili na nne, wakati kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa kozi nyingi ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Mama akaniwekea njia zote mbili mezani bila kunisukuma. Ukianza upya, ile 2.6 inabaki nyuma yako, lakini mwaka mmoja wa maisha umekwenda, na akauliza swali lililonikata: "Huo mwaka wa ziada atalipa nani?" Nikamwambia nipe siku moja nikaongee na mjomba.

Wakati namsubiria mjomba siku ya pili pale benchini, nikashuhudia jambo jingine. Aliingia kijana, mtanashati, ana pesa mkononi. Alikuwa amedisko chuo kimoja na anataka kuomba uhamisho kwenda kingine kana kwamba bado ni mwanafunzi. Akamwambia mama yuko tayari kulipa hata 100,000. Mama akamjibu kwa upole kwamba aliyeondolewa kwa sababu za kitaaluma hana krediti za kuhamisha kama mwanafunzi anayeendelea, na kila atakapoomba atajaza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, ambayo haibadiliki. Akamshauri aulize vyuo kuhusu kuomba upya kwa sifa zake za mwanzo. Kijana akaondoka na pesa yake. Naitaja kwa sababu laki moja kwenye duka la fotokopi si pesa ndogo, na mama alikuwa na kodi ya pango ya kulipa wiki ile. Nilimsikia akiizungumzia kwenye simu.

Tukaamua kuhamisha krediti. Sasa nieleze kazi yenyewe, maana hapa ndipo 15,000 niliyomlipa mama ilipolipika.

Alinituma nitafute kozi autilaini, yaani karatasi za mada zinazofundishwa, za masomo yote kumi na moja, si majina ya masomo tu. Nilipiga simu kwa CR wetu wa zamani, yaani kiongozi wa darasa, akapiga picha autilaini zile akanitumia WhatsApp, nyingine zikiwa zimekunjwa, nyingine zina doa la chai. Mama akasema hizi zitatusaidia kulinganisha, lakini za kupeleka lazima ziwe na muhuri wa idara. Rafiki yangu mmoja akazunguka idara kwa idara kwa niaba yangu, siku tatu, akagongesha zote akazituma kwa basi.

Mama akafungua kabati la manila, akatoa moja ya kijani, akachora mistari kwa rula ileile. Kushoto masomo yangu, kulia masomo ya chuo ninachoomba, katikati mada kwa mada. Somo nililolisoma kule kwa jina la "Lugha na Isimu" nilikuwa nimelikatia tamaa kwa sababu huku hakuna somo la jina hilo. Akasoma mada kwa sauti, sauti za lugha, muundo wa neno, muundo wa sentensi, maana, akaweka kidole upande wa kulia kwenye "Utangulizi wa Isimu." Ni lilelile, limevaa nguo nyingine. Kisha likaja somo la Historia ambalo jina lake lilifanana neno kwa neno pande zote mbili, mimi nikafurahi, yeye akakunja uso. Kule tulifundishwa sana mapinduzi ya viwanda Ulaya. Huku autilaini ilianza na vita vya kwanza vya dunia na kuendelea. "Hili watalikataa," akasema, na walilikataa.

Kwenye barua nilijifunza unyenyekevu wa aina yake. Rasimu yangu ilikuwa kurasa tatu. Nilieleza bibi alivyoanguka jikoni, nilivyopokea simu nikiwa kwenye semina, kila kitu. Mama aliisoma yote, akafuta macho kwa upande wa kanga, halafu akaniambia tuandike nyingine. Ikatoka ukurasa mmoja: mimi ni nani, namba ya usajili, kozi na mwaka, naomba nini, kwa sababu gani, vielelezo viko wapi. GPA ikatajwa waziwazi kwenye aya ya pili pamoja na sentensi moja kwamba masomo mawili yalirudiwa kwa mtihani wa nyongeza kwenye muhula ambao mlezi wangu alilazwa, tazama kiambatisho. Barua aliiandika kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo chuo kilivyotaka, ila kila sentensi tuliijadili kwa Kiswahili kwanza mpaka nikaridhika kwamba inasema ninachomaanisha. Akaipitisha kwa mkuu wa idara kabla ya kufika juu, maana alisema barua inayoruka ngazi hurudishwa ngazini.

Anaijua kazi hii kwa muda mrefu. Alianza enzi za mfumo wa pamoja wa TCU, uliokuwapo tangu 2010, ambapo wanafunzi wote waliomba vyuo kupitia sehemu moja. Anasema siku za mwisho za dirisha benchi lake lilikuwa halitoshi. Tangu 2017 maombi yanakwenda moja kwa moja kwa kila chuo, kila kimoja na mfumo wake na kanuni zake, naye akaanza kujaza daftari. Amelinunua gumu, la kurasa nyingi, na kila chuo amekipa kurasa zake: wanataka nini kwa anayehama, nani anapokea, mwanafunzi gani alikubaliwa na kwa masharti gani, bila majina. Akinieleza jambo alikuwa anafunua kwanza ndipo anajibu. Pale daftari lilipokuwa tupu alisema "hapa sina, kaulize ofisini kwao," na mara mbili alinituma kweli.

Chuo cha kwanza tulichoomba, nje ya Dodoma, kilikataa. Walitaka GPA isiyopungua 3.0 kwa anayehamisha krediti. Mama alishaniambia nafasi ni ndogo, tukaomba kwa sababu ada ilikuwa nafuu na basi la kwenda Kibaigwa linapatikana. Uchungu uliniuma, lakini haukuniangusha kwa kuwa ombi la pili lilikuwa limeshapelekwa.

Chuo changu cha zamani nacho kilinichelewesha. Barua ya kuniruhusu niondoke ilikaa siku kumi na sita kwenye meza moja. Ile 115,000 niliyokuwa nadaiwa nililipa kwa kontroo namba, risiti ikatoka, lakini mfumo wao ukaendelea kunionesha mdaiwa. Mama akanipa ushauri mdogo uliookoa wiki nzima. Chapisha risiti, piga picha ya ukurasa wa deni, weka vyote kwenye barua pepe moja, na mtaje mtu wa uhasibu na mtu wa taaluma kwa pamoja ili asiwepo wa kumsubiri mwenzake. Siku ya pili deni likafutika.

Majibu ya chuo nilichopo sasa yalikuja alasiri moja ya Novemba. Nilikuwa Kibaigwa, namkanda bibi mkono. Masomo saba yamekubaliwa, krediti 77. Masomo manne yamekataliwa, krediti 43: mawili kwa sababu niliyafaulu kwa supu, mawili kwa sababu maudhui hayakulingana. Naingia mwaka wa pili, na hayo manne nitayasoma sambamba.

Nilimpigia mama kwa furaha, naye badala ya kunipongeza akaniuliza kama barua inasema alama zangu zinakuja pamoja na krediti au krediti zinakuja peke yake. Sikujua hata kama ni swali. Akaniambia nisikubali nafasi kabla ya kuuliza kwa maandishi, kwa sababu kila chuo kina kanuni yake hapo. Nikauliza. Jibu: alama za masomo yaliyokubaliwa zinakuja.

Jumamosi nikaenda dukani, akatoa rula na kikokotoo kile. Yale saba peke yake yana pointi 232. Gawa kwa 77. Ikatoka 3.01, na hata ukikata unabaki na 3.0. Masomo manne niliyoyalilia kukataliwa yalikuwa yote C. Nimeyasoma upya hapa, na bibi yuko umbali wa safari fupi ya basi, na sikukosa jaribio hata moja. Matatu nimepata B, moja B+.

Sasa mapungufu, maana yapo na mengine yaliniumiza.

Kubwa ni la mkopo. Mimi ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo, na mama hakunikumbusha mapema kwamba uhamisho wa chuo haumhamishi mwanafunzi kwenye orodha za bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, bila taarifa kufika kunakohusika. Nilianza kufuatilia kwa afisa mikopo wa chuo wiki ya tatu baada ya kuripoti, wakati wenzangu wameshasaini. Posho ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, kwa hiyo siku hamsini tu za kuchelewa ni nusu milioni ambayo huna mfukoni wakati mwenye geto anagonga mlango. Pesa ilikuja yote baadaye, lakini muhula ule niliishi kwa mlenda na ugali wa Kibaigwa na huruma ya mwenzangu wa chumba. Nilimwambia mama. Alinyamaza, akafungua daftari, akaandika kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Hata hivyo ningependa angekuwa na orodha iliyochapwa ya kumpa kila anayehama, kuliko kutegemea kumbukumbu yake na daftari moja. Siku daftari lile likilowa mvua itakuwa msiba.

Hosteli nayo. Anayeripoti Novemba akitokea chuo kingine anakuta vitanda vimekwisha. Jiandae na kodi ya geto tangu mwanzo, wengi hapa wanataka miezi mitatu kwa mkupuo.

Duka ni dogo na siku za kusaini bumu halifikiki. Umeme ukikatika hana jenereta, unakaa benchini na vumbi la Dodoma linakupaka miguu. Mashine moja ya fotokopi inaacha mstari mweusi pembeni. Ukiwa na vyeti, mwambie atumie ile ya ndani. Jumapili hafungui, na simu yake siku hiyo hapokei mpaka jioni.

Bei nilizolipa: 15,000 kwa kazi yote ya ulinganisho na barua, 6,400 ya kuchapa na nakala, 3,000 ya kuskani, na 10,000 nikampa wakili wa jengo la pili aliyegonga mihuri kwenye vyeti. Jumla 34,400, na haikupanda njiani. Ile 15,000 alipokea nusu mwanzoni na nusu baada ya barua kukamilika, si baada ya kukubaliwa chuo. Nilimuuliza kwa nini asingojee majibu ndipo achukue nyingi zaidi, kama wengine wanavyofanya. Akasema majibu si yake kuyauza.

Ukienda, nenda asubuhi kabla ya saa nne, siku za katikati ya wiki. Beba matokeo yenye muhuri, autilaini za masomo yako yote, cheti cha kidato cha nne na cha sita, na ushahidi wa sababu yako. Mweleze deni lako lote na supu zako zote kabla hajakuuliza. Na swali la mkopo muulize wewe siku ya kwanza, hata kama limeshaandikwa kwa wino mwekundu.